Mafaili Mawili ya Wifi

Siku MaKhauhelo alipoingia kwao, Keneuoe ndiye aliyempa jina. Kaka yake, Tšeliso, alimtorosha msichana huyo kutoka mabondeni, akamwingiza uani jua likiwa limeshazama, na Baba hakuwa na la kufanya ila kuchinja kondoo wa kumpokea. Nyama ilipoiva Mama akasema, "Haya, Keneuoe, wewe ndiye wifi mtu. Mpe jina." Keneuoe akachagua Khauhelo, jina la bibi yao, liwe la mtoto wa kwanza atakayezaliwa. Basi mgeni akawa MaKhauhelo, mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haikuwepo. Jina alilokuja nalo Mama alilisikia mara moja, usiku ule, akalisahau papo hapo. Ndivyo tunavyofanya, na hatuoni kosa lolote. Tšeliso akarudi zake migodini, ng'ambo ya mpaka.

MaKhauhelo alikuja na kikohozi. Mwanzoni walisema ni baridi ya milimani, mtu wa bondeni hajaizoea. Alipoanza kulowanisha shuka kwa jasho, Keneuoe alimpeleka zahanati ya kijiji cha Ha Ramokoatsi, ambako yeye mwenyewe alikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Wilaya ilikuwa imewaletea kompyuta na mfumo mpya wa kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, na Keneuoe aliujua kuliko alivyojua kusuka nywele zake. Aliketi, akafungua faili la wifi yake na kulijaza mwenyewe tangu juu hadi chini. Jina, MaKhauhelo Motseki. Mwaka wa kuzaliwa alikisia. Mfumo ulipouliza kama mgonjwa amewahi kupimwa kifua mahali pengine, alibonyeza "hapana" bila hata kugeuza shingo, kwa kuwa yote aliyoyajua kuhusu MaKhauhelo yalianzia kwa yule kondoo. MaKhauhelo alikuwa kwenye benchi nyuma yake, mikono ndani ya blanketi. Mtu hamsahihishi wifi yake mbele ya watu, hasa bi harusi ambaye mahari yake haijatolewa. Akapewa vidonge vya kawaida, akaenda navyo nyumbani.

Majira ya baridi yakaanza, na faili la mtu mwingine likaingia kwenye kompyuta kutoka zahanati moja ya bondeni. Selloane Phoofolo. Alikuwa ameacha makohozi huko kisha akaondoka kabla ya majibu, na majibu yalipotoka yalikuwa mabaya: kifua kikuu sugu, kile kisichosikia vidonge vya kawaida. Chini yake wameandika, "Inasemekana ameolewa upande wenu. Mtafuteni haraka."

Wakamtafuta. Mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akiulizia bi harusi anayeitwa Selloane, na kila mama mkwe alimjibu ukweli mtupu: hapa bi harusi wetu ni MaNeo, hapa ni MaThato, jaribu kule ng'ambo ya kijito. Keneuoe mwenyewe hakumfikiria MaKhauhelo hata kidogo. Anayetafutwa ni yule ambaye hayupo, na MaKhauhelo alikuwepo, ana faili, ana vidonge, ana tarehe ya kurudi.

Jioni moja, wakila ugali na mboga, Keneuoe alifanya jambo ambalo karani wa zahanati haruhusiwi kulifanya.

"Mama, hivi humjui msichana anaitwa Selloane? Kaolewa huku kwetu."

"Selloane nani?" Mama akacheka. "Hilo ni jina la kwa mama yake. Akishaolewa utampata wapi?"

"Kaiba nini?" Baba akauliza.

"Hajaiba kitu, Baba. Tunamtaka zahanati. Ana kifua kile sugu, dawa zetu hazimsaidii."

"Eee, Mungu wangu!" Mama akasema. "Basi aliyemwoa kaoa jeneza. Huyu wetu angalau anameza vyake atapona. Huyo mimi ningemrudisha kwao asubuhi hiyo hiyo, na kondoo wangu wanilipe!"

Wakacheka, hata Baba. MaKhauhelo alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, akimmiminia Baba maji ya kunawa. Yakamwagikia mkeka.

"Taratibu, mkwe," Mama akamwambia. "Unataka kutuogesha?"

"Nisamehe, Mama," akasema MaKhauhelo, na kwenda kuleta kitambaa.

Wilaya haikupenda mafaili yanayoning'inia. Baridi ilipoelekea ukingoni walipiga simu: kila mgonjwa aandikiwe mwisho wake. Mfumo ulitoa miisho ya kuchagua, amepona, amekufa, amehamishwa, amepotea. Keneuoe alilifungua faili la Selloane Phoofolo na kubonyeza "amepotea". Kioo kikamwandikia, "Asante. Imehifadhiwa." Blauzi aliyovaa siku hiyo ilikuwa imepigwa pasi na MaKhauhelo asubuhi, akipumzika kila baada ya mkono mmoja.

Baada ya hapo MaKhauhelo alipungua haraka. Alikuwa anameza vidonge vyake mbele ya Keneuoe, bila kukosa, na Keneuoe akiandika kila kidonge kwenye mfumo, na mwili unaisha. Mashine ya makohozi ya wilaya ilikuwa mbovu, wakaambiwa wasubiri. Alipoanza kutema damu walimlaza kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, naye akaomba kitu kimoja tu, mama yake aitwe.

Mama yule alifika amejifunga blanketi la kijani, vumbi mpaka kwenye kope. Keneuoe alikuwa kando ya kitanda ameshika beseni. Mwanamke hakumsalimu mtu. Alipiga magoti, akashika uso wa binti yake.

"Selloane," akasema. "Selloane wangu. Wamekufanya nini?"

Keneuoe aliweka beseni chini. Alitembea mpaka kwenye kompyuta na kumwita muuguzi, Sista Tlalane, wakayafungua mafaili mawili pamoja. Majibu yalikuwa palepale, yalikuwepo tangu mwanzo wa baridi.

"Hili nani alilifunga?" Sista Tlalane akauliza.

"Mimi."

"Na hili jingine nani alilifungua?"

"Mimi."

Sista hakumgombeza. Alichukua simu akaomba gari la hospitali.

Wakati wanalisubiri gari, Keneuoe alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wifi, ile jioni niliulizia Selloane. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

MaKhauhelo alitafuta pumzi kwanza. "Baba mkwe alikuwepo. Na Mama alikuwa ameshasema huyo angemrudisha kwao." Akatabasamu kidogo. "Ulilitamka vizuri. Tangu nije, hakuna aliyekuwa ameniita."

Keneuoe alitaka kulia, na machozi hayakuja. Alikufa ganzi, midomo kwanza, kisha vidole. Alimfunga wifi yake blanketi vizuri, akamwekea viatu kwenye mfuko, akauliza kama dereva ana mafuta ya kutosha. Ganzi ile haikumwachia siku hiyo wala zilizofuata. Alienda kazini, alirudi, alikula alichowekewa.

Hospitalini MaKhauhelo alipewa dawa zinazostahili, lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Watu walikuwa mashambani wakilima, simu ilipolia kwenye meza ya Keneuoe.

"Mgonjwa wenu amefariki alfajiri," sauti ya upande wa pili ikasema. "Poleni. Sasa ana mafaili mawili, na mfumo unakataa kuyaunganisha mpaka mchague jina moja."

"Selloane Phoofolo," Keneuoe akasema.

Alifuta "amepotea" na kuweka "amekufa". Kioo kikamwandikia, "Asante. Imehifadhiwa." Akaizima kompyuta, akafunga dirisha, akapanda njia ya nyumbani.

Baba alikuwa mlangoni akitengeneza hatamu ya farasi. Mama alikuwa jikoni, anasonga ugali.

"Leo umewahi," Mama akasema. "Haya, MaKhauhelo anaendeleaje?"

"Selloane amekufa," Keneuoe akasema.

Mama aligeuka, mwiko mkononi. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alitaka tu kujua.

"Selloane nani?"