Lebo Iliyokuwa Ikitoweka

Kiroboto alipewa jina hilo kwa sababu hatulii kitini, lakini asubuhi ile alikuwa ameganda mbele ya kompyuta kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kwa mara ya pili mashine hiyo, iliyoendeshwa kwa mfumo uitwao Yuniksi, ilikuwa imezimwa na kuwashwa, na kwa mara ya pili ilimwandikia maneno yale yale bila hata haya: diski haina lebo.

"Haina vipi?" alifoka. "Si nimekuwekea mwenyewe?"

"Labda hukuibandika vizuri," alisema shemeji yake, mume wa dada yake, mchora ramani wa ofisi ile ya upimaji ardhi na bingwa wa uchokozi. Akaandika DISKI kwenye kikaratasi, akakibandika kwa gundi juu ya chuma cha diski mpya. "Lebo hiyo hapo. Washa."

"Shemeji, nitakubandika mdomo wewe."

Hawakucheka sana. Diski ya zamani, iliyobeba ramani zote za wilaya alizopima mjomba wake kwa miaka thelathini na mmoja, ilikuwa imeanza kulia kwi, kwi, kwi, kama bawaba iliyosahau mafuta. Ikifa kabla ramani hazijahamia kwenye diski mpya, miaka yote hiyo imekwenda na maji. Mjomba alitaka kumwita fundi wa kompyuta, yule mwenye ndevu. Kiroboto ndiye aliyejipiga kifua kwamba ataweza. Mara mbili ameigawa diski mpya, mara mbili amenakili ramani kwa saa nzima, mara mbili zimeyeyuka. Kama ile kuukuu ingevumilia safari ya tatu, hakuna aliyethubutu kusema.

Mjomba akavuta kigoda. "Mpwa wangu, hebu nione ulivyogawa."

"Mjomba, hii si ardhi."

"Kugawa ni kugawa. Lete."

Akampa karatasi yenye mistari na namba. Mjomba akavaa miwani, kidole kikatua juu.

"Kiwanja cha kwanza cha nani?"

"Cha mashine yenyewe. Ikilemewa na kazi, inatua mizigo yake hapo. Cha pili ndicho cha ramani."

"Na hii lebo inayokuliza ndiyo nini?"

"Ni maandishi tu, yamo humo humo ndani ya diski. Yanaiambia mashine kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi."

"Aa. Jiwe la mpaka," mjomba akasema. "Kiwanja cha kwanza kinaanzia wapi?"

"Sifuri. Sikutaka kupoteza hata nafasi ya sindano."

"Na jiwe umelisimika wapi?"

"Lebo huwa inakaa pale pale mwanzoni, kwenye sifu..."

"Umempa mtu kiwanja pamoja na jiwe lake, mama," mjomba akasema taratibu. "Naye kajenga choo juu yake."

Kiroboto aliruka hadi kiti kikaanguka. Ndiyo! Mashine ilipolemewa na kunakili, ilitua mizigo kuanzia sifuri, ikaifuta lebo. Haikustuka, kwa kuwa ilikuwa bado inaikumbuka kichwani. Ikizimwa tu, imesahau. Ubahili wake mwenyewe ndio uliokuwa ukimla.

Akagawa upya. Safari hii aliacha vipande sitini na vitatu vya mwanzo wa diski vitupu, pori kabisa, kiwanja cha kwanza kikaanzia kipande cha sitini na nne. Akaandika lebo, akaanza kunakili. Diski kuukuu ikalia kwi, ikanyamaza, watu watatu wakabana pumzi, ikalia tena.

"Kaza moyo, bibi," shemeji akaibembeleza. "Bado robo."

Ilimaliza. Kiroboto akazima mashine, akawasha, akafumba macho.

"Shemeji, nisomee. Mimi siwezi."

"Inasema..." Mchokozi akakohoa, akajikuna, akakohoa tena.

"Sema, wewe!"

"Lebo ipo! Ramani elfu nne mia moja na kumi na mbili! Zote!"

Kelele iliyotoka humo ilimfikisha mlangoni fundi cherehani wa chumba cha jirani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kuna nini? Mmepata mtoto?"

"Mtoto kitu gani!" mjomba akajibu, akiwa amembeba Kiroboto juu kama gunia. "Tumepata wilaya nzima!"