Njema Kwanza

"Hodi," Mbeyu aliita tena, na tena hakuna aliyeitikia isipokuwa kuku wa jirani aliyekuwa akiparura chini ya dirisha. Mlango wa nyumba ya mama yake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, namna mtu afungavyo kitu ambacho hana haja nacho kesho wala keshokutwa. Uwanja ule, ambao mama yake hakuwahi kuuacha ukapigwa na jua kabla haujafagiwa, ulikuwa umeota magugu mpaka kizingitini.

Alitua begi lake, akazunguka nyuma ya nyumba kuelekea shambani, maana wakati kama ule mama yake hakosi huko. Akasimama. Shamba halikuwapo. Palikuwa na ukingo wa udongo uliokatika kama sima iliyomegwa, na chini yake maji ya mto Sabaki, mazito, mekundu, yakipita bila haraka pale palipokuwa na migomba, bamia na matuta ya mchicha. Mgomba mmoja tu ulikuwa umebaki, umelala, mizizi nje, majani yake yakioshwaoshwa na maji.

"Nani huyo anayechungulia kwa watu?"

Alikuwa Idah, jirani yao wa tangu zamani, ndoo kichwani na leso imefungwa kifuani. Mbeyu aligeuka akamwamkia. Idah aliitikia marahaba, kisha akatua ndoo polepole kama mtu aliyeona nyoka.

"Mbeyu? Si ulisema mwisho wa mwezi?"

Ndivyo alivyosema. Halafu akapata tiketi ya mapema, akaona hana haja ya kupiga simu, atamfurahisha mama yake kwa kumtokea mlangoni. Idah alisikiliza maelezo hayo huku akitazama pembeni. Mwishowe akasema yote. Mama yake Mbeyu hakai tena Sabaki. Yuko Malindi mjini, Kisumu Ndogo, amepanga chumba tangu mvua zile kubwa za mwaka jana, na anauza viazi karai. Tena wanawake wa hapa walikuwa wamekwisha kubaliana: mwisho wa mwezi waje wang'oe magugu, wafungue mlango, wawashe jiko, hata kuku waazime, ili Mbeyu akifika kutoka Ulaya amkute mama yake ameketi kwake kama alivyomwacha.

"Umetuharibia mchezo wetu," Idah alisema, akajaribu kucheka.

"Na shamba? Angenionyesha shamba gani?"

"Hilo tulikuwa bado tunalifikiria."

Mbeyu hakucheka. Aliuliza kwa nini hakuambiwa, naye Idah akamtazama sana, kichwa upande.

"Kwani ulimuuliza?"

Alimuuliza. Hilo Mbeyu alikuwa na uhakika nalo, na njia nzima kwenda mjini, nyuma ya bodaboda, upepo wa darajani ukimpiga usoni, alikuwa akijitetea moyoni kwa maneno yaleyale. Kila wiki alipiga simu. Habari za nyumbani, mama? Njema. Na shamba je? Shamba liko na mto. Haya mama, nashukuru, naingia darasani. Alikuwa akisikia neno hilo, liko na mto, na kuona bamia zimestawi, zimekaribiana na maji, hazihitaji kumwagiliwa. Sasa ndiyo alielewa kwamba mama yake hakuwa amesema uongo hata kidogo.

Ujerumani alikuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja cha mji mdogo wenye baridi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Profesa, mzee mpole wa kizungu, alikijua Kiswahili kwa namba: hii ngeli ya saba, hii ya nane, hii imetoka wapi na inakwenda wapi. Mbeyu hakuwa akijua namba hizo, alizizoea baadaye. Kazi yake yeye ilikuwa kuwa sauti. Alisimama kando ya ubao akasema ng'ombe, wanafunzi wakajibu ngombe, akasema tena ng'ombe, wakajaribu, wakacheka, wakajaribu tena. Alisoma mazungumzo ya kitabuni, yeye akiwa muuza maembe na mwanafunzi akiwa mnunuzi, huku nje theluji inaanguka na mji mzima hauna embe hata la dawa.

Siku za mwanzo alimsalimu kila mtu kituoni mwa basi. Watu walimtazama, wengine wakashika mikoba yao vizuri. Akajifunza kunyamaza, na kunyamaza nako kukamzoea. Ikafika hali kwamba mahali pekee alipoulizwa habari zake ni darasani, na waliomuuliza walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Habari za asubuhi, Mbeyu? Nzuri. Habari za jana? Njema. Habari za kazi? Salama. Walikwenda kwa mpigo kama watu wanaotwanga. Siku moja bibi mmoja mstaafu aliyekuwa akijifunza kwa kujifurahisha tu, akiitwa Bi Helga, aliinua mkono na kuuliza: ikiwa habari si nzuri, mtu hujibu nini? Mbeyu alimwambia hujibu njema vilevile. Darasa lilicheka, Bi Helga akaandika, kipindi kikaisha.

Kipindi kikaisha, naye akatoka mbio kwenda jengo la pili, simu sikioni, akimpigia mama yake, kwa sababu huo ndio mwanya aliokuwa nao.

Na sasa profesa alikuwa akingoja jibu. Alitaka Mbeyu arudi mwaka wa pili. Akisita, nafasi atapewa mtu mwingine, na siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa leo hii. Asubuhi, ndege ilipotua, jibu lilikuwa ndiyo. Pale ukingoni mwa maji likageuka. Alipoteremka kwenye bodaboda Kisumu Ndogo, baina ya kuta za mabati na nguo zilizoanikwa, alikuwa amekata shauri: harudi. Atabaki, atafute kipande kingine cha ardhi, amrudishe mama yake shambani.

Alimwona kabla hajaonwa. Mama yake, Bi Kadii, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya njia, karai mbele yake, viazi vilivyovikwa unga na bizari vikigeuka manjano kwenye mafuta. Kando yake kulikuwa na sinia la unga mkavu, bakuli la unga uliokorogwa, bakuli la ukwaju, na pilipili ndani ya chupa iliyotobolewa kizibo. Mbele yake alisimama msichana mwembamba amebeba mtoto mgongoni.

"Mama Mbeyu, nipatie hiyo viazi ya kumi."

"Hivyo viazi," Bi Kadii alisema bila kuinua macho. "Viazi vya kumi. Hebu."

"Hivyo viazi vya kumi."

"Haya. Kingekuwa kimoja?"

Msichana alifikiri. "Hicho... kiazi?"

"Umeona? Umeanza kuwa mtu, Cherop." Bi Kadii akamwongezea kimoja juu, kama zawadi. "Habari za nyumbani?"

"Mbaya. Mtoto ameharisha usiku wote."

Bi Kadii aliweka upawa chini. Mbeyu, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, alimwona mama yake akifuta mikono kwa upindo wa leso, taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka kumfundisha jambo.

"Si hivyo, mwanangu. Unasema njema kwanza."

"Lakini si njema."

"Najua si njema. Unasema njema, huo ni mlango. Mtu wa kupita atasema haya, atakwenda zake, na wewe hutakuwa umemwaga mambo yako njiani. Anayekupenda atangoja. Atakaa kimya. Basi hapo ndipo useme: ila mtoto."

"Na asipongoja?"

Bi Kadii aliuchukua upawa wake akageuza viazi, ambavyo wala havikuwa vinataka kugeuzwa.

"Asipongoja, ana haraka," alisema. "Haraka si chuki. Mtoto mpe maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, na jioni usipoona nafuu tumpeleke hospitali, nitakwenda nawe."

Cherop alikwenda zake. Mbeyu alibaki nyuma ya shuka iliyoloa, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Bi Helga aliuliza swali zuri, naye akampa nusu ya jibu. Tena si Bi Helga peke yake. Simu zote zile, baada ya lile njema, kulikuwa na kimya kidogo, pumzi moja tu ya mama yake upande wa pili, na kila mara yeye ndiye aliyekijaza: haya mama, nashukuru.

"Wewe uliye nyuma ya nguo za watu," Bi Kadii aliita, "kama unanunua, njoo. Kama unaiba shuka, hiyo ina tundu."

Mbeyu alitoka. Mama yake alimtazama mara moja tu, kisha akatazama karai, kisha akamtazama tena. Mikono yake ilikuwa imerudi kwenye unga. Alimnyooshea kifundo cha mkono, Mbeyu akakishika kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Kwani huko hawali?" Halafu, kwa sauti ndogo: "Umepitia Sabaki."

"Nimepitia."

"Idah naye mdomo wake."

Mteja alikuja, akahudumiwa, akaondoka. Mbeyu akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kujizuia. Alisema harudi Ujerumani. Alisema leo hii atamjulisha profesa, atatafuta kazi hapa hapa, shule hazikosekani, na atatafuta ardhi ng'ambo ya maji, mahali pa juu, mama yake atoke kwenye chumba hiki cha mabati. Alisema kila kitu akiwa wima, begi bado begani.

Bi Kadii alimwacha mpaka mwisho.

"Nani amekuambia nataka kutoka?" aliuliza. "Sabaki nilikuwa nasema na bamia, Mbeyu. Tangu baba yako afe, kutwa nzima nasema na bamia. Hapa asubuhi nikikohoa watu watatu wananiuliza kulikoni. Mumbua, yule Mkamba wa mlango wa pili, amenifundisha kupika muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa. Cherop namfundisha kusema. Alipokuja hapa alikuwa akiniita wewe, wewe, kama anafukuza mbuzi." Alitikisa upawa, mafuta yakadondoka. "Nilikuficha kwa sababu hiyo hiyo unayoifanya sasa. Nilijua utakuja mbio unibebe mgongoni, unirudishe nisikotaka."

"Kwa hivyo niende?"

"Nenda, mwanangu."

Mbeyu alifungua mdomo. Lile haya mama la simuni lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, likamwishia hapo hapo. Akaufunga. Mafuta yalichemka. Jirani alipita akasalimu, akajibiwa, akaenda. Mtu alikuwa akipiga msumari kwenye bati mahali fulani, akaacha, akaanza tena. Bi Kadii alichovya kiazi kwenye unga, akakitia karaini, akachovya cha pili, na cha pili akakishikilia hewani, unga ukimchuruzika mpaka kiganjani.

"Ila," alisema.

Mbeyu hakusema kitu.

"Ila ukinipigia simu, keti kwanza. Huwa nasikia viatu vyako. Kop, kop, kop. Mtu aliye njiani nitamweleza nini mimi? Namsalimu, apite."

Kiazi kiliingia karaini. Mbeyu aliteremsha begi begani na kuliegemeza ukutani. Alitafuta pa kukaa, akakuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akaketi, magoti yake yakawa sawasawa na magoti ya mama yake. Simu aliisikia ikitetemeka ndani ya begi, aliiacha itetemeke.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Njema," Bi Kadii alisema.

Alitoa viazi vilivyoiva, akavikung'uta mafuta, akavipanga juu ya karatasi. Alipunguza moto kwa kuvuta ukuni mmoja nje. Binti yake alikuwa bado ameketi.

"Njema. Maji yalikuja mchana," alianza, "nami nilikuwa nachuma bamia. Hayakupiga kelele. Nilidhani ni ng'ombe wa watu wamevunja ua."

Akasawazisha unga kwenye sinia kwa ubapa wa kiganja, akachora kwa kidole mstari mrefu: hapa mto ulipokuwa ukipita. Kando yake akaanza kuchora mstari wa pili, na Mbeyu akasogeza kreti lake karibu ili auone vizuri.