Kinasa Sauti cha Mama

Mtaani walimwita Kipimo, maana fundi yule wa vifaa vya umeme hakuamini kitu mpaka akipime. Chipu za kumbukumbu alizonunua kwa jumla alizibana kwenye kisomaji moja moja, akafungua programu yake ya bure, ile ambayo yeyote anaweza kuona ilivyoundwa, akaiacha iihoji chipu: wewe nani, nani kakutengeneza, unabeba kiasi gani? Kisha programu iliifuta chipu nzima, ikaandika, ikasoma ilichoandika. Chipu zilizodanganya ukubwa zilikwenda jalalani.

Chipu ya mteja hakuigusa kabla ya kuitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha, isije ikachanganyika na zake. Hata mteja asiyemjua alipata nukta yake. Lakini dada yake mkubwa alipoleta kinasa sauti cha marehemu mama yao, kilichogoma kuwaka, Kipimo alijisemea, aa, hii si kazi ya nyumbani tu? Nukta ya nini? Hebu mwone!

Humo mama alikuwa amewarekodia wajukuu hadithi na matani, akiwaita mmoja mmoja. Sauti yake haikuwapo kwingine kokote. Kipimo aliing'oa chipu ili anakili sauti kwenye mpya, akaiweka mezani kando ya chipu zake za aina ileile. Simu ikaita. Akaongea, akacheka, akarudi, akaokota chipu aliyodhani ni mpya, akaibana. Programu ikaitambua bila wasiwasi, kwani zote zilijitaja sawasawa. Akabonyeza jaribio. Ilipomaliza ikamwandikia kwamba chipu ni nzima, haina kasoro.

Akabana iliyofuata ili aisome sauti ya mama. Tupu. Nyingine, tupu. Akaigeuza ile ya kwanza, akaona mabaki ya risasi ya kuchomelea kwenye miguu yake, alama ya chipu iliyong'olewa kwenye kifaa. Loo! Alikaa chini kama gunia.

Alisafisha kutu ya betri, akairudisha chipu mahali pake, na kinasa kikawaka. Dada alipoingia na kuiona ile taa, uso ukamchangamka.

"Pole, dada," Kipimo akawahi, macho kwenye meza. "Kimewaka, ila chipu ilikuwa imeshakufa. Sauti zimepotea."

Dada akaketi, akalia. Halafu akanyoosha mkono, akamshika bega. "Pole na wewe, mdogo wangu. Ni mama yako pia. Najua umehangaika."

Heri angemzaba kofi! Huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Imeshakufa, eti! Na nyuma ya mgongo wake mwenyewe, kwenye kioo cha kompyuta, jibu la programu kwamba chipu ni nzima bado lilikuwa limesimama vilevile.

"Haikufa, dada," akasema. "Ni mimi. Niliipima kabla ya kuinakili. Sikuitia alama, kwa sababu ilikuwa yetu. Nimemfuta mama."

Mkono ukaondoka begani. Dada alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alichukua kinasa, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakisogeza karibu na mdomo wa mdogo wake.

"Sema tena," akamwambia. "Wanangu wakiuliza bibi yao kaenda wapi, utawajibu wewe."