Kikohozi cha Katuni

Bendi yenyewe haina hata mtu mmoja. Ni katuni wanne: mpiga ngoma mwenye kichwa cha samaki, mapacha wa gitaa, na mwimbaji wa kike mwenye nywele za buluu. Sauti ya huyo mwimbaji ni yangu, ila mkataba umenifunga mdomo: nisimwambie mtu, hata ndugu.

Albamu yao imechanganya dansi, rap na magitaa ya makelele, na imeshika kila kona. Naisikia saluni, naisikia dukani, nami nimesimama kwenye foleni kama sipo. Studio waliivuta sauti yangu ikawa nyembamba, hata mama mzazi asingeitambua. Kikohozi tu ndicho hawakukigusa. Siku ile nilikuwa na mafua, nikakohoa katikati ya ubeti, nikadhani watakifuta. Wapi! Mchoraji alikipenda, akamchora yule katuni akiziba mdomo kwa madaha, na sasa watoto mtaa mzima wanakohoa hivyo hivyo.

Jumapili nilikwenda kwa kaka yangu. Binti yake alikuwa ameganda mbele ya televisheni akiitazama bendi hiyo, kavaa wigi la buluu. Nikakaa naye. Uzalendo ukanishinda, nikaimba kidogo, na kikohozi nikakitoa palepale pake.

Mtoto akanigeukia, kanuna.

"Shangazi, acha bwana! Hujui kukohoa kama yeye."

Kaka akacheka kutoka jikoni. "Dada, mwachie mwenyewe!"

Nikamwachia.