Kengele ya Saa Kumi na Moja

Mwanamke aliyefiwa na mume haulizwi kwa nini hatoki. Mlango wake humjibia. Mlango wa Zuleha, pale Kaloleni mjini Kisumu, ulikuwa umerudishwa tangu mwezi wa saba, siku lori lilipomgonga mumewe Idd huko Nyamasaria, akitoka kumpelekea mteja saa ya ukutani. Idd aliletwa kwa gari. Baiskeli yake ililetwa kesho yake juu ya mkokoteni, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati, kengele haina hata mkwaruzo.

Zuleha alikaa eda kama mama yake alivyokaa na bibi yake alivyokaa: nguo nyeupe isiyo na ua, bila wanja, bila mafuta ya kunukia, bila kuvuka kizingiti. Hakuwa na elimu ya kujivunia. Shule aliiachia darasa la sita. Lakini alichokishika alikishika kwa mikono miwili, na kwake eda ilikuwa kazi ya mwisho ambayo angeweza kumfanyia Idd hapa duniani.

Tabu yake ilikuwa Alfajiri. Enzi za uhai wake Idd hakugonga mlango wala kuita jina la mtu. Alisimama ukumbini kando ya baiskeli akapiga kengele, kri-kriing, kri-kriing, mpaka kila mmoja aseme ameamka. Kengele hiyo hiyo ndiyo aliyoipiga jioni akikata kona ya nyumbani, saa kumi na moja, baada ya kufunga meza yake ya ufundi wa saa kwenye baraza ya duka la Joginder. Zuleha akiisikia, huinjika chai. Sasa kengele ilinyamaza, na usingizi wa msiba ni mzito kama mchanga wa ziwani ulioloa. Swala ikawa inampita. Akiamka na jua limeshaingia ndani, alikaa juu ya mkeka akilia bila sauti, kama mtu aliyeachwa mara mbili.

Rehma, mtoto wake wa pekee, aliyaona hayo. Alikuwa darasa la nane, mwembamba, mwenye vidole vya baba yake. Alifungua ile kengele kutoka kwenye baiskeli. Akachukua saa ya mezani ambayo Idd alikuwa hajamaliza kuitengeneza, akaimaliza. Akatoa mota ndogo kwenye redio kaseti iliyokufa, akaongeza betri mbili za tochi na vipande vya waya, vyote akavipanga ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya Kimbo. Mshale mfupi ukifika kwenye saa kumi na moja, waya uligusana na waya, mota ikazunguka, kichuma kikaipiga kengele.

Ila saa haijui usiku wala mchana. Iliwaamsha alfajiri, nao wakaswali. Jioni, hakuna aliyeikumbuka, ikalia tena. Zuleha aliinuka, akaweka sufuria ya chai jikoni, akatoa vikombe vitatu. Alikuwa ameshavipanga ndipo akakirudisha kimoja.

Rehma akasimama mlangoni mwa jiko. “Mama, nitafute njia isilie jioni?”

“Iache,” Zuleha alisema. “Iache tu.”

Ndivyo ikawa. Kila jioni alijua kwamba Idd hayuko, na kila jioni kengele ikilia, kabla akili haijafika, mwili wake ulikuwa umeshageukia mlango.

Mwezi wa tisa darasa la nane waliambiwa kila mmoja alete kitu chenye manufaa nyumbani, alichokitengeneza kwa vitu vilivyotupwa. Rehma akaufuta mkebe wake. Zuleha, ambaye hakupenda kuuona ukitoka, alichukua kitambaa cheusi, akashona ndani yake karatasi ya Ayatul Kursi, akaifunga hirizi hiyo kwenye shingo ya mkebe kwa uzi. Idd angekuwapo angecheka. Ndiye aliyezoea kumwambia, “Zuleha, wewe utavalisha hirizi hata sufuria.”

“Nenda nao salama,” alimwambia mtoto. “Urudi nao salama.”

Ulikuwa ni mwezi mmoja tu baada ya bomu la Nairobi. Kisumu ni mbali na Nairobi, lakini hofu haihitaji nauli, na lawama iliwaangukia Waislamu wote. Watu waliokuwa wakinunua sambusa za Zuleha miaka nenda miaka rudi walianza kuitikia salamu ya mtoto wake kwa macho. Zuleha mwenyewe alikuwa ndani, mengi hayakumfikia. Rehma yalimfikia, na hakuyaleta nyumbani.

Adhuhuri ilikuwa imepita zamani, kivuli cha ukuta kimeanza kuingia uani, jirani yake Nakhungu alipoingia bila kupiga hodi. Alikuwa muuza mboga, mwanamke mkubwa wa mwili na mwepesi wa ulimi, ndiye aliyemchotea Zuleha maji tangu msiba.

“Mama Rehma, kaa chini kwanza.”

“Nimekaa tangu mwezi wa saba, Nakhungu. Nikae vipi tena?”

“Rehma wamemuweka hapo shule, hatoki. Wanasema ameleta bomu. Watoto wote wametolewa nje ya ua, wanalia, na polisi wamekuja. Hiyo mkebe wameiweka katikati ya uwanja, hata mbuzi haikaribii.”

“Mkebe gani?”

“Mama, kwani uko na mikebe ngapi?”

Zuleha akatazama kile kivuli uani. Alikuwa amekijua kwa siku hizo zote za kukaa ndani. Kikifika kwenye jiwe la kufulia, kengele hulia. Kilikuwa kimebakiza hatua chache.

“Wana bunduki hao polisi?”

“Polisi gani hana?”

“Itawalilia,” Zuleha alisema. “Itawalilia mbele ya mtoto wangu, nao wameshika bunduki.”

Nakhungu akashika mdomo. “Shemeji yako Abeid je? Nitume mtu amwite.”

“Yuko Luanda Kotieno, amefuata samaki.”

“Mimi nimewaambia niko jirani, wakubali niende naye. Wakakataa. Wanataka baba.”

“Ukawaambia baba yuko wapi?”

“Nikawaambia. Wakasema basi mama.”

Pale ukumbini baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, pengo la kengele likionekana kwenye usukani kama jino lililong’oka. Zuleha alisimama mbele yake. Alijua mwalimu wa madrasa angemwambia dharura ina ruhusa yake. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mguu kuinuka ni kingine. Alihisi kama anamwacha Idd nyumbani peke yake.

“Niwie radhi,” akamwambia yule asiyekuwapo. Akajitanda kanga juu ya nguo yake nyeupe, akatanguliza mguu wa kulia, akavuka kizingiti.

Jua lilimpiga usoni kama kofi. Waendesha baiskeli za boda boda walimwita, “Panda, mama, nikufikishe,” naye akapita. Kila kengele yao ilimchoma mbavuni. Nakhungu alitangulia akipasua njia. Karibu na shule watu walikuwa wamejaa barabarani.

“Ndiye mama yake huyo,” mmoja akasema.

“Ona alivyovaa. Amekuja na sanda yake kabisa.”

“Sanda ya mama yako,” Nakhungu akamjibu bila kugeuka. “Amefiwa huyu. Toka njiani.”

Khaemba, mlinzi wa lango, alinyoosha rungu. “Mama, hakuna mtu anaingia.”

“Mtoto wangu ameingia,” Zuleha akasema.

Khaemba akamtazama zile nguo, akashusha rungu. Nakhungu alizuiwa nje.

Rehma alikuwa ameketi chini ya mlingoti wa bendera, bila viatu, mkoba wake umemwagwa mchangani. Ushungi walikuwa wamemvua wakaupekua, hawakumrudishia. Kichwa chake kilikuwa wazi mbele ya wanaume wote wale. Zuleha alivua kanga aliyojitanda, akamfunika nayo, akabaki na nguo yake nyeupe.

Walikuwapo askari wawili na mwalimu mkuu, Waliaula. Waliaula hakuwa mtu mbaya. Mdogo wake alikuwa Nairobi siku ya bomu, vioo vikamwingia machoni, na tangu hapo mwalimu alikuwa amebandika magazeti kwenye madirisha yote ya ofisi. Lakini ni yeye pia aliyekuwa akimwita Rehma injinia, kabla ya mwezi wa nane.

“Mama, hii kitu alifundishwa na nani kuitengeneza?” aliuliza.

“Na baba yake.”

“Na baba yake yuko wapi?” akauliza askari mmoja, mwenye masharubu.

“Kaburini. Mwalimu anajua, alikuja kutupa pole.”

Waliaula akatazama chini.

“Na ile kitu nyeusi imeshonwa, imefungwa kwa shingo?” askari akaendelea. “Ndani iko nini? Baruti?”

Hapo Zuleha akaona kilichotokea. Waya tupu ungeulizwa, ukajibiwa. Ni hirizi yake ndiyo iliyoufanya mkebe uonekane bomu.

“Ni Ayatul Kursi. Maneno ya Mungu. Niliifunga mimi.”

“Mkebe wa kengele unafungiwa maneno ya Mungu ya nini?”

“Ili urudi nyumbani,” alisema.

Askari wakatazamana.

“Redio ya Wakoli pia iko na waya nje,” Rehma akasema polepole kutoka chini ya kanga. Wakoli alikuwa mtoto wa pasta. Redio yake ilikuwa juu ya meza barazani, imeshapewa alama. “Na betri iko nayo.”

“Wakoli tunamjua,” Waliaula akasema.

“Na mimi, Mwalimu?”

Waliaula alikuwa amemfundisha tangu darasa la nne.

Zuleha alitazama kivuli cha mlingoti kilivyorefuka. “Mwalimu, nakuomba. Ule mkebe utalia saa kumi na moja. Mniruhusu nikauzime mapema, msije mkashtuka.”

Aliyasema kwa wema, yakapokewa kwa ubaya. Yule mwenye masharubu akaruka nyuma. “Umesikia? Amesema mwenyewe saa itakayolipuka. Laleni chini! Mwalimu, lala!” Mwenzake akakoki bunduki.

“Sikusema italipuka, baba. Nimesema…”

Kri-kriing.

Ilitoka katikati ya uwanja, juu ya nyasi kavu, nyembamba na ya furaha. Mwalimu mkuu alianguka kifudifudi, mikono juu ya macho. Nje ya ua watoto walipiga ukelele mmoja, watu wakakimbia wakikanyagana. Askari mmoja alikuwa amepiga goti, mtutu umeelekea kwenye mkebe.

Kri-kriing, kri-kriing.

Zuleha alikuwa ameshageuka. Hakuamua. Mwili wake ulifanya ulichokifanya kila jioni: ulikwenda kumpokea. Alitembea uwanjani wala hakukimbia, maana hakuna mke anayekimbilia mume anayerudi kazini, na katika zile hatua, Mungu amsamehe, alisahau mahali alipo. Alinusa mafuta ya saa. Aliona kona ya nyumbani.

“Mama, simama! Nitapiga!”

“Msimpige,” Rehma alikuwa akisema. “Msimpige, msimpige, ni kengele ya baba.”

Zuleha alipiga magoti, akaufungua mkebe, akatoa betri moja kama mtoto alivyomwonyesha. Kengele ikakata. Kimya kilichofuata kilikuwa kile cha mwezi wa saba, chenyewe hasa, naye akakifahamu. Hapo ndipo alipolia, mbele ya watu, mkebe kifuani.

Hakuna aliyeomba radhi. Waliaula alijipangusa vumbi, akasema, “Mama, ungetuletea habari mapema.” Askari walichana hirizi kwa kisu, wakatazama ile karatasi juu chini, wakaitia mfukoni pamoja na betri. Mkebe wakaondoka nao, saa, kengele na vyote, wakasema utachunguzwa. Kisha wakaja Kaloleni, wakapekua hata mtungi wa maji.

Njiani kurudi Rehma alisema, “Mama, umetoka eda kwa sababu yangu.”

“Nimetoka mlangoni. Eda iko na mimi.”

Mtoto alikaa nyumbani hadi bodi ya shule ikakubali arudi. Mtihani wa darasa la nane aliufanyia kwenye dawati la peke yake karibu na mlango, penseli zake zikipekuliwa kila asubuhi. Alifaulu. Waliaula alimpa mkono mbele ya wote, akamwita injinia tena. Rehma alisema ahsante, akaurudisha mkono wake haraka.

Lakini boda boda yoyote ikipita nje ikapiga kengele, mambo mawili yalitokea ndani ya nyumba ile kwa pamoja. Zuleha aligeukia mlango. Rehma aliacha alichokuwa akikifanya, kijiko au sindano au kalamu, akaviweka viganja vyote viwili juu ya meza, wazi, mahali watu wangeweza kuviona. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Vifaa vya baba yake havikuguswa tena. Saa ya ukumbini ilisimama, akaiacha imesimama. Na mkebe haukurudi. Abeid alikwenda kituoni mara nyingi, kila mara akaambiwa aliyeupokea hayuko.

Eda ilikwisha mwezi wa kumi na moja. Zuleha alioga, akavaa kanga yenye maua, na safari yake ya kwanza ikawa dukani kwa Joginder. Yule mzee alipanda ngazi, akapekua sanduku la juu kabisa, akatoa kengele ya baiskeli.

“Ya Idd ilikuwa namna hii hii,” akasema. “Zamani sana. Imebaki moja.”

Jioni Zuleha aliifunga kengele kwenye usukani wa ile baiskeli iliyokunjika, kwa bisibisi ya marehemu, akikosea na kurudia. Rehma alikuwa amekaa kwenye mkeka akimtazama. Hakusogea kumsaidia. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti, wazi.

“Njoo uipige,” mama akasema.

“Watu watasikia.”

“Wasikie.”

“Mama, watakuja.”

Zuleha hakumwambia kwamba hawatakuja. Hakuwa na hakika, na hakuwahi kumdanganya. Alimwacha pale karibu na baiskeli, akaingia jikoni, akainjika chai, akatoa vikombe. Uani kivuli kilikuwa kimefika kwenye jiwe la kufulia. Alisimama na mgongo wake mlangoni, mkono juu ya kifuniko cha sufuria, akisikiliza. Akasikia mkeka ukilia, mtoto akiinuka. Akasikia nyayo, moja, halafu nyingine, halafu hakuna.

Maji yalianza kuchemka. Akayapunguzia moto, apate kusikia vizuri.