Kifungu cha Tisa na Tohe Aliyekaa

Usiku wa kuamkia leo niliota tohe amekalia kiti changu cha uvivu katikati ya kinamasi chetu, ameshika mkataba. Mkataba wenyewe naujua. Bwana Kefa, mwindaji wa mjini, aliniletea juzi ili akodi shamba letu la urithi, awinde tohe na bata mwitu msimu mzima. Niliupokea kwa mikono miwili, nikausifia karatasi. Kuusoma? Kwetu mgeni akikupa karatasi ukaikodolea macho mbele yake, umemwita mwizi. Na mimi ni mtu wa heshima, heshima hadi ya kujitia kitanzi.

"Kifungu cha tisa," anasoma tohe. "Mpangaji anaruhusiwa kupiga chochote kinachotembea ndani ya mipaka."

"Ndiwe huyo," namwambia.

"Mimi nimekaa."

Kweli amekaa. Namgeukia bata mwitu aliye majini kando yake.

"Mimi naogelea," anasema, hata kunitazama hanitazami. "Nani mwingine hutembea humu?"

Mdogo wangu wa kike, Subilaga, hupita hapo kila asubuhi kukata matete ya mikeka. Shamba ni letu sote wawili, nami sikumwambia neno, maana nilijua atauliza maswali.

"Anatembea vizuri?" anauliza bata.

"Vizuri sana."

"Andika," bata anamwambia tohe. "Mwenye shamba amethibitisha."

Mara kinamasi kimekuwa ofisi ya kijiji, matope yakiwa palepale. Subilaga anaingia kwa dirisha na mzigo wa matete kichwani. Nyuma ya kabati Bwana Kefa amefumba jicho moja, bunduki begani, mpole kama shemasi. Ananisalimia. Namwitikia, adabu kwanza.

"Subilaga, kaa chini!"

"Kaka, hapa pana matope."

"Kaa tu, mama, nakusihi!" Nalia kama mtoto, na aibu naiona hata ndotoni.

Anakaa huku amenuna. Bwana Kefa anashusha bunduki, anamlalamikia bata kwamba mwenye shamba anamharibia windo.

Niliamka jasho linanitiririka. Mkataba ulikuwa mezani, sijautia dole gumba bado. Uani Subilaga alikuwa anafua.

"Mbona mapema hivi?"

"Hata sielewi, kaka. Nimeamka kanga yote imejaa matope nyuma, na kutoka sijatoka."

Kabla sijamjibu, hodi ikapigwa. Bwana Kefa huyo, na kidau chake cha wino. Nilimpa kiti, nikamwita Subilaga akae kando yangu, kisha nikaufungua mkataba na kuusoma mbele ya mgeni, kwa sauti, tangu kifungu cha kwanza. Nilipomaliza cha nane, Bwana Kefa akakumbuka ana safari, akasimama.

"Kaa, bwana," nikamwambia. "Hapa aliyekaa hapigwi."