Bunduki Zisizokuwa za Verlin

Mdogo wangu Verlin hajawahi kumaliza kusoma hata maelekezo ya mashine yake ya kukatia nyasi. Lakini siku alipogundua kwamba sheria inamruhusu mtu kuanzisha amana, yaani chombo cha kisheria cha kumilikia mali badala ya mtu, na kuandikisha bunduki kwa jina la amana hiyo, alijiona wakili wa mahakama kuu. Hapa kwetu, kwenye vilima vya kusini mwa Missouri, bunduki ya kawaida unainunua asubuhi na mchana unaizoea. Ila ukitaka kiziba sauti cha bunduki, au bunduki ya mtutu mfupi, serikali inadai picha, alama za vidole na kibali. Ukiviandikisha kwa jina lako, wewe tu ndiye unayeruhusiwa kukaa navyo. Ukiviandikisha kwa amana, kila mdhamini aliyetajwa kuisimamia anaruhusiwa. Ni mpango mzuri kwa watu wenye akili zao.

Verlin akaiita amana yake Ngome ya Akina Stroud. Ngome! Nyumba yenyewe ni ya magurudumu, na mvua ikinyesha wanatega sufuria sebuleni. Wadhamini tulikuwa wawili, yeye na mimi dada yake. Aliniweka mimi kwa sababu rafiki zake wote wa kuwinda waliwahi kufungwa, na mtu aliyefungwa hawezi kuwa mdhamini wa bunduki. Nilikubali ili anyamaze. Nikaenda kuchafuliwa vidole kwa wino, nikapigwa picha, nikarudi saluni kwangu kuosha watu nywele.

Kunyamaza kwenyewe hakunyamaza. Tangu siku ile, kila tulipochoma mbavu za nguruwe nyuma ya kanisa, wimbo ulikuwa mmoja. "Mimi? Sina bunduki hata moja," anasema, mchuzi ukimchuruzika kidevuni. "Zote ni za amana. Serikali ikija kumnyang'anya Verlin Stroud bunduki, itakuta Verlin Stroud ni maskini wa Mungu!" Wanaume wenzake wanaitikia kwa vichwa kana kwamba wamehubiriwa. Kwa bidii hiyo aliingiza kwenye amana hata bunduki za kuwindia paa, ambazo hakuna aliyemwuliza habari zake.

Halafu likaja la Twyla, mke wake. Wakiwa mezani, Twyla alimwambia kwamba anataka kurudi kazini kwa daktari wa mifugo. Verlin hakujibu. Alichomoa kiunoni bastola ya baba yetu, akailaza karibu na bakuli la maharage, mtutu ukimwelekea mkewe, kisha akaendelea kula. Twyla akainuka taratibu kama anayefuata chumvi, akatokea mlango wa nyuma na kuja kwangu. Hakulia hata chozi.

"Wifi," aliniambia, "anaweza kuwa na mizinga, sijali. Ila ile bastola ikibaki kwake, mimi nimekwisha."

Nilimwamini. Namjua mdogo wangu. Mdomo wake ni debe tupu, lakini siku akinyamaza ndiyo siku ya kuogopa.

Twyla akapeleka shauri mahakamani, na hakimu wa kaunti yetu hakupoteza muda. Alimpiga Verlin marufuku kumkaribia mkewe na kushika silaha yoyote. Verlin akasimama, amevaa tai ya marehemu baba, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, mimi similiki bunduki hata moja. Silaha zote zilizopo kwangu ni mali ya amana."

"Zote?" hakimu akauliza.

"Zote, mheshimiwa."

"Unasema hivyo chini ya kiapo?"

"Chini ya kiapo kabisa!"

Aliketi huku akinikonyeza. Alidhani amemaliza kesi. Hakimu akamweleza, polepole kama anayeongea na mtoto, kwamba mtu aliyepigwa marufuku hawezi kushika hata bunduki ya amana, hata ya malaika. Akauliza kama kuna mdhamini mwingine. Nikanyoosha mkono. Nikaamriwa niende na askari wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, nizitoe zote mle ndani.

Tulipotoka nje Verlin alinishika kiwiko, anachekelea. "Dada, umeona nilivyomweza? Sasa wewe njoo ubadilishe namba za sefu, bunduki uziache palepale. Kisheria unazo wewe. Halafu namba unaninong'oneza."

"We Verlin, akili zako zimekwenda likizo?"

"Dada, mimi ni damu yako!"

"Twyla naye ana damu, na anataka ibaki mwilini. Kesho nakuja na pikapu."

Nilikwenda na Garland Pogue, askari tuliyesoma naye shule moja, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Verlin alikuwa ameketi kwenye ngazi, hati za amana ziko mapajani ndani ya jalada la plastiki, akitusomea vifungu kwa sauti. Tukatoa bunduki za mitutu mifupi. Tukatoa viziba sauti, amevivisha soksi nene za sufu visipate baridi. Tukatoa na zile za kuwindia. Sefu ikabaki tupu, na bastola haikuwamo.

"Verlin, bastola iko wapi?" Garland akauliza.

"Bastola gani?"

"Ile uliyoiweka mezani."

"Twyla ana mawenge. Soma hapa kifungu cha nne."

Garland akanivuta pembeni. "Hana wajibu wa kunionyesha, nami sina kibali cha kupekua. Hakimu anakitoa akitaka, lakini leo hayupo."

Hapo niliogopa kwelikweli. Tungeondoka na vyuma vyote visivyo na maana, tumwachie kile kimoja alichokuja nacho mezani, naye sasa amefedheheshwa mbele ya kaunti nzima. Ilibidi nitumie silaha pekee niliyokuwa nayo, yaani ujinga wake.

"Sawa, tunakwenda," nikasema kwa sauti. "Bastola ya baba nitaichukua baadaye. Uliapa kwamba zote ni za amana, na mdhamini aliyebaki ni mimi. Nikiipata nitampa Dub wa kituo cha mafuta aulie panya."

Akaruka kutoka kwenye ngazi. Hati zikamwagika matopeni. "Dub? Bastola ya baba umpe Dub?"

"Ni ya amana. Umesema mwenyewe."

"Siyo ya amana!" Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Baba aliniachia mimi, hakukuachia wewe! Haimo kwenye hati yoyote! Ni yangu, iko chini ya kiti cha gari langu, na hapo itabaki!"

Garland akamwaga kahawa iliyobaki kikombeni.

"Verlin," akasema, "geuka, weka mikono mgongoni."

Bastola ilikuwa palepale aliposema, risasi zimo. Kumbe mtu mzima aliisumbua serikali, akanichafua vidole, akaandikisha amana kwa ajili ya kila chuma ndani ya nyumba, isipokuwa kile alichokusudia kumtishia nacho mkewe. Alipokuwa akiingizwa garini alinitazama kwa uchungu.

"Umenitega, dada."

"Sijakutega. Nimekusikiliza tu mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukivumilia."

Nikampigia Twyla simu kule nyumbani kwangu.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka. Kaisema mwenyewe."

Kisha nikasikia kiti kikivutwa sakafuni, kile alichokuwa amekiegemeza mlangoni kwangu bila kuniambia, na komeo likifunguka.